Ardhi haigawanyiki yenyewe, jamani

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari. Mwanafunzi wangu kaandika kwenye insha: "Kufikia 1914 ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa imegawanyika kati ya mamlaka ya kijeshi na mamlaka ya kiraia." Mwenzangu ofisini anasema "kiraia" hapo ni kosa kwa sababu wakati wa mkoloni hakukuwa na raia, kulikuwa na watawaliwa tu. Je, nimkate maksi?

JIBU: Mwalimu, salaam. Huyo mwenzako anajua historia lakini neno lenyewe hajalichungulia. Raia ni neno la Kiarabu na asili yake ni mambo ya kuchunga, raia ni yule anayechungwa, yaani mtu aliye chini ya sultani au mfalme, haya ya kupiga kura na kushika pasipoti yamekuja juzi tu. Kwa maana ile ya zamani watu wa 1914 walikuwa raia kuliko sisi, walichungwa haswa, kwa kiboko na kodi ya nyumba iliyoanza 1898. Na kwa maana ya leo raia ni mtu asiye mjeshi, polisi akivua gwanda tunasema kavaa nguo za kiraia na hakuna anayeuliza pasipoti ya hizo nguo. Kwa hiyo kiraia ipite. Mtu wa pwani wa enzi hizo asingesema mamlaka ya kiraia wala nini, angesema boma, yaani ngome ya serikali, angesema bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya asiye mjeshi, basi kaeleweka. (Na tafadhali asitokee wa kuniambia boma ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, Wajerumani walikuwa na maboma yao na wakiyaita hivyo hivyo kabla Mwingereza hajakanyaga Iringa kutawala.)

Swali lako limeisha hapo mwalimu. Sasa mimi nina la kwangu, maana kuna neno kwenye hiyo sentensi limekupita wewe, limempita mwenzako, na nahisi limeshawapita na wanaotunga mitihani. IMEGAWANYIKA.

Imegawanyika na nani? Soma tena. "Ardhi ilikuwa imegawanyika." Yaani ardhi ilikuwa imelala zake huko Mahenge, hana habari mtu, usiku wa manane ikasikika kah! watu wanaamka asubuhi wanakuta upande huu uko kwa kapteni na upande ule uko kwa bwana shauri, wanashangaa, wanasema Mungu mkubwa, twendeni tukalipe kodi. Ardhi iliyogawanyika yenyewe Afrika Mashariki mi naijua moja tu, Bonde la Ufa, na ile haikungoja gavana wala ramani. Hizi nyingine zote ziligawanywa. Na W hapo katikati, mwalimu, hiyo W ina kazi, ndiyo inayokuambia kuna mtu alishika kalamu.

Hii kauli ya kutendeka, hii yenye -ika mwishoni, si kosa kwenyewe, inatumika pale ambapo mtendaji hayupo au hatumtafuti. Kikombe kimevunjika, kamba imekatika, sita inagawanyika kwa mbili. Na watoto wetu wote tunajua kwa nini wanaipenda, kila kikombe nyumbani kimevunjika, hakuna hata kimoja kilichovunjwa. Kwa kikombe mi sina ugomvi na mtoto. Ila ukianza kuandika historia ya ukoloni kwa lugha ya mtoto aliyesimama pembeni ya vigae, hapo tunaharibu. Fungua vitabu uone: Afrika iligawanyika, mipaka ilichoreka, watu walihamika karibu tuseme. Wakoloni wote hawamo ndani ya sentensi, wametoka kwa mlango wa nyuma.

Na mtu akishituka kwamba hajamtaja mtendaji anafanya baya zaidi, anaandika "iligawanyika na Wajerumani". Hii sasa ndo inanipandisha presha. Kutendeka hakubebi mtendaji hata umlazimishe, ukisema iligawanyika na Wajerumani maana yake ardhi ilipasuka pamoja na Wajerumani wakiwa juu yake.

Tuweke mambo yalivyokuwa, maana hii topiki ina watu na ina tarehe. Serikali ya Ujerumani ilipochukua koloni lile 1891 iliunda jeshi lake la koloni na ikaleta gavana wa kiraia, von Soden, Dar es Salaam ikawa makao makuu badala ya Bagamoyo. Pwani wakaweka mabwana shauri, na chini yao maliwali, maakida na majumbe, yaani wasimamizi wa chini mpaka vijijini, mfumo ambao kwa sehemu kubwa waliukuta kwa Sultani wa Zanzibar. Bara wakaweka vituo vya jeshi, na mkuu wa kituo alikuwa afisa wa jeshi lakini ndiye huyo huyo hakimu, ndiye mkusanya kodi, ndiye mkuu wa wilaya. Kadiri serikali ilivyoona sehemu imetulia, au imenyamaza tuseme ukweli, inaitoa kwa jeshi inaikabidhi kwa raia. Kufikia 1914 wilaya zilizobaki kijeshi zilikuwa mbili tu, Iringa na Mahenge. Iringa sababu inajulikana, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwachinja pale Lugalo Agosti 1891 na kamanda wao Zelewski akafia hapo hapo, halafu hawakumpata mpaka 1898 naye alijiua mwenyewe hawakumshika. Mahenge boma lilivamiwa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 30 Agosti 1905. Na kando ya hayo yote kulikuwa na Bukoba, Rwanda na Urundi, huko wafalme waliachwa kwenye viti vyao na Mjerumani akakaa pembeni akiitwa rezidenti, pembeni kwa maneno.

Sasa niambie, ndani ya habari hiyo kuna kitu gani kiligawanyika? Kipo kimoja. Wao wenyewe. Soden na maofisa wa jeshi walivutana, yeye hakupenda zile safari zao za vita na wao hawakupenda kuamrishwa na mtu asiye na bunduki, akaondoka 1893 na nafasi ikashikwa na kanali, von Schele, gavana na kamanda mtu mmoja. Halafu 1914 tena gavana Schnee alitaka koloni likae nje ya vita, kamanda Lettow-Vorbeck alitaka kupigana, na kamanda akapigana. HUO ndio mgawanyiko kati ya mamlaka ya kijeshi na mamlaka ya kiraia! Mgawanyiko ni mpasuko, ni chama kimegawanyika, ukoo umegawanyika kwa sababu ya mirathi. Mgawanyo ni namna kitu kilivyotolewa, huyu hiki yule kile. Mwanafunzi wako angeandika insha nzima ya mgawanyiko wa Schnee na Lettow ningempigia makofi, lakini yeye anazungumzia wilaya, na wilaya ni mgawanyo.

Asili ya gawa ni ya Kibantu safi, ndugu zetu Waganda wana kugaba, na Kinyarwanda wana kugaba vilevile na mkuu wa majeshi kwao ni umugaba, ambalo kwa mada yetu ya leo limekaa vizuri mno. Tusikae hapo.

Maana bado kuna kugawana. Wengine wakikimbia imegawanyika wanaangukia "wanajeshi na raia waligawana wilaya". Hapana. Kugawana ni nyie wenyewe mmekaa na kitu chenu katikati, kila mtu anaondoka na fungu. Ujerumani na Uingereza ndio waligawana, 1886 na tena Julai 1890, hapo neno limetulia kabisa. Mfano wangu mzuri kuliko yote ni huo wa 1886, nimeutumia mpaka watu nyumbani wananikwepa, kwa sababu umebeba karibu mnyambuliko wote: wakubwa wawili WALIGAWANA bara, Sultani Barghash AKAGAWIWA ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda ndani, ukanda ambao yeye alijua ni wake tangu zamani pamoja na hilo bara, na wenyeji WAKAGAWANYWA bila kuulizwa. Vitenzi vitatu, mzizi mmoja, na ukiona tu kiambishi unajua nani alikuwa mezani na nani alikuwa ndani ya sahani. Na miaka minne baadaye sehemu ya ule ukanda iliyokuwa upande wa Mjerumani ikalipiwa marki milioni 4, kwa hiyo hata alichogawiwa hakukaa nacho. Ukiyafuta hayo yote ukaweka "iligawanyika" umebaki na nini? Umebaki na hali ya hewa.

Kapteni wa Iringa na bwana shauri wa Tanga hawakugawana chochote, waligawiwa na gavana. Kwa hiyo mwalimu, sentensi yako iwe hivi: "Kufikia 1914 serikali ya Kijerumani ilikuwa imeziweka wilaya nyingi chini ya maofisa wa kiraia, na imeziacha Iringa na Mahenge mikononi mwa jeshi." Ndefu kidogo lakini kila mtu yupo ndani. Kwa kiraia usimkate kitu. Kwa imegawanyika nusu maksi inatosha, mtoto kaiga kitabu, na aliyeandika kitabu mimi na wewe hatuwezi kumkata. Nishachoka kuwaandikia hao, wanajibu kwamba "lugha inakua".

Lingine dogo, "ardhi". Kugawa wilaya si kugawa ardhi, ni kugawa nani atamwamuru nani. Ardhi yenyewe ina tarehe yake, 26 Novemba 1895, pale amri ilipotoka kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, na wa kusema ipi ina mwenyewe ni serikali hiyo hiyo. Akitaka insha ya ardhi aandike hiyo, na huko kitenzi kitakuwa kunyang'anya. Mwambie ajaribu kukitia kutendeka, "ardhi ilinyang'anyika", halafu aisome kwa sauti mbele ya darasa.