Mama anatibiwa moyo, figo anapimwa za nini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mama yangu yuko Kongwa, ana miaka 74 na uzito wa kilo 46. Mwaka jana aliambiwa moyo wake unapiga bila mpangilio, akaanzishiwa digoksini ya 0.25 kidonge kimoja kila siku, pamoja na Lasix ya 40, ile ya kukojoza maji. Sasa kliniki wanataka apime figo tena, wakati kipimo cha mwezi wa tatu kilitoka kreatinini 104 na karatasi ikaandikwa "kawaida". Nauli ya kumleta Dodoma mjini inatuumiza. Kuna ulazima? Halafu wiki mbili hizi hataki kula, hata mlenda anausogeza pembeni. Nimkatie kidonge nusu?

JIBU: Dada yangu, naanza na hilo la chakula, maana ndilo lililonishtua. Mzee anayetumia digoksini akikataa chakula, mimi huishuku dawa kabla ya malaria na vidonda vya tumbo. Ikizidi mwilini, mara nyingi hujionyesha kwanza kwa kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Wengine huona rangi ya manjano au duara kuzunguka taa, wengine huchanganyikiwa. Na wapo ambao dalili ya kwanza ni mapigo yenyewe kuharibika. Kwa hiyo mpeleke leo hospitali ya karibu, hapo hapo Kongwa, apimwe mapigo na umeme wa moyo. Kidonge kinachofuata asimeze mpaka aonwe, na Lasix muulize huko huko.

Sasa figo. Digoksini hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, sehemu kubwa ikiwa vilevile ilivyomezwa. Kwa mwenye figo nzima, nusu yake huondoka kwa siku moja na nusu hadi mbili. Figo zikichoka sana, nusu hiyo inaweza kuchukua siku nne au tano, na kila asubuhi mgonjwa anaongeza kidonge juu ya dawa ambayo haijatoka.

Kuhusu ile karatasi iliyoandikwa "kawaida": kreatinini ni taka inayotokana na misuli, na figo ndizo huitoa; zikichoka hupanda kwenye damu. Mama mwembamba wa miaka 74 ana misuli kidogo, anatengeneza kreatinini kidogo, kwa hiyo namba inaweza kupendeza huku figo zimechoka. Ndiyo maana tunatumia hesabu ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, inayokadiria figo zinasafisha damu kiasi gani kwa dakika. Toa umri kwenye 140, inabaki 66. Zidisha kwa kilo 46, kisha kwa 1.04 ya wanawake, gawanya kwa 104 ya maabara. Jibu ni kama mililita 30 kwa dakika. Kijana mwenye afya hukaribia 100 au kupita. Kwa figo za 30, kidonge kizima cha 0.25 kila siku kwangu ni kingi. Wagonjwa wa namna yake wengi hutumia 0.125 au pungufu. Na hiyo ni hesabu ya mwezi wa tatu, leo inaweza kuwa imeshuka zaidi.

Lasix nayo ina lake. Hutoa maji pamoja na potasiamu (madini ya mwilini), na potasiamu ikishuka, digoksini huweza kuudhuru moyo hata ikiwa kiasi chake kwenye damu hakijazidi. Ongeza joto letu la mwezi wa kumi na moja na mzee asiyekunywa maji, au kuharisha siku mbili tu, figo zinayumba. Muulize pia kama ananunua diklofenaki ya magoti duka la dawa (wazazi wetu hawaihesabu kuwa dawa!), au kama kapewa klarithromaisini ya kifua karibuni. Ya kwanza huumiza figo, ya pili hupandisha digoksini.

Akitulia, kreatinini na potasiamu zipimwe kila miezi mitatu hivi, na mapema zaidi dozi ikibadilishwa au akiugua. Sampuli zinaweza kuchukuliwa Kongwa. Ulizeni kabla ya kulipa nauli.

Kumkatia nusu usifanye kwa kukisia. Huenda daktari akafikia hiyo hiyo nusu, lakini potasiamu ikiwa chini, nusu haitamsaidia leo. Wakiamua kupima kiasi cha digoksini kwenye damu, waambie saa aliyomeza kidonge cha mwisho. Damu ikitolewa kabla ya muda wa masaa sita kupita tangu ameze, majibu yatapotosha. Beba na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za chini ya mto.