Kamera Ikigandaganda Unaporusha Gemu Mubashara, Usikimbilie Kulaumu Mtandao

Kwa karibu miezi miwili nilirusha mechi za EA Sports FC kutoka chumbani kwangu Manyatta, hapa Kisumu, bila kujua kwamba uso wangu pembeni mwa skrini ulikuwa unawachosha watazamaji. Gemu yenyewe ilikwenda vizuri. Mpira unatembea, wachezaji wanakimbia, hakuna kukwama. Ila nikifunga bao nikashangilia, watu walisikia kelele kwanza, mikono ikapanda baadaye, tena kwa kurukaruka. Binamu yangu aliye Nakuru ndiye aliyeniambia waziwazi: "Kaka, sauti inafika kabla ya mdomo. Nimeshindwa kutazama."

Nililaumu mtandao. Nikalipia kifurushi cha kasi zaidi, na hakuna kilichobadilika. Fundi mmoja mjini akanishauri ninunue kamera mpya. Nashukuru kwamba sikuwa na hela siku hiyo, kwa sababu kamera haikuwa na kasoro.

Kama unapitia haya, fanya jaribio moja kabla ya kutoa shilingi mfukoni. Fungua OBS Studio, ile programu ya kurekodi na kurusha video ninayoitumia, cheza kama kawaida, lakini usirushe hewani. Rekodi tu kwenye kompyuta, dakika tano, kisha utazame. Rekodi hiyo haijapita kwenye intaneti. Ukiona kamera inagandaganda humo pia, mtandao hauna hatia na pesa za kifurushi kikubwa zitakuwa zimepotea bure. Halafu fungua dirisha la Stats. Utakuta hesabu tatu za fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, zilizopotea: za mtandao, za kadi ya grafiki iliyolemewa kuchora picha, na za kazi ya kubana video. Zangu zote zilikuwa sufuri, au karibu na sufuri, huku uso wangu ukiruka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba picha ilikuwa inaharibika kabla haijaifikia OBS.

Chanzo cha kwanza kilikuwa giza. Mimi hurusha usiku, nyumba ikiwa imetulia, na taa yangu ilikuwa balbu moja tu nyuma ya kiti. Kamera inayotoa fremu 30 kwa sekunde ina muda wa milisekunde 33 hivi kupiga kila picha. Mwanga ukiwa hafifu, kamera nyingi za kompyuta hujiongezea muda huo zenyewe ili uso usiwe mweusi. Zikitumia milisekunde 66 kwa picha moja, fremu zinashuka hadi 15. Programu haitakuonya wala kukuonyesha kosa. Wewe unaona tu picha nzito inayoacha kivuli mkono unapopita.

Nilihamisha taa ya mezani nikaiweka mbele yangu, juu kidogo ya skrini, ikielekea ukutani ili mwanga urudi usoni ukiwa laini. Kisha kwenye mipangilio ya kamera ndani ya OBS nikabonyeza Configure Video, nikazima ile alama ya kufidia mwanga hafifu, na nikaondoa Exposure, yaani ule muda wa kupiga kila picha, kwenye hali ya kujiendesha. Tofauti niliiona papo hapo. Ukiwa humo, angalia pia mpangilio wa kuzuia mwanga kupepesa. Stima yetu Kenya ni ya hezi 50, na kamera nyingine hutoka dukani zikiwa zimewekwa hezi 60, hivyo utaona mistari ikipanda na kushuka kwenye picha. Weka 50.

Nusu ya tatizo ilikwisha hapo. Nusu nyingine ilikuwa kwenye waya, na hii nataka uielewe vizuri kwa sababu wengi tunaifanya bila kujua.

Laptopu yangu ina matundu machache ya USB, kwa hiyo nilinunua kigawanyo kinachotoa matundu manne kutoka kwa moja. Nilichomeka humo kamera, maikrofoni, padi ya kuchezea na diski ya nje ambayo rekodi zilikuwa zinahifadhiwa. Vyote vinne vilikuwa vinapita mlango mmoja. USB 2.0, ambayo ndiyo inayotumiwa na kamera nyingi za bei ya chini, ina uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, na kwa kazi halisi unapata pungufu. Sasa piga hesabu: picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta (pikseli) zaidi ya milioni mbili. Katika muundo wa YUY2, ambao haujabanwa, kila nukta inachukua baiti mbili, yaani biti 16. Zidisha kwa fremu 30 na unapata karibu megabiti 1,000 kwa sekunde. Haiwezi kupita. Hata 1280 kwa 720 inahitaji megabiti 442 hivi, yaani mlango wote ujazwe na kamera peke yake. Kamera ikikosa nafasi, inapunguza fremu au inachelewa.

Dawa zake ni mbili, na mimi nilitumia zote. Ya kwanza, kamera nikaichomeka moja kwa moja kwenye tundu la laptopu, upande wake peke yake, na diski nikaihamishia upande wa pili. Ya pili, kwenye mipangilio ya kamera nilibadilisha muundo wa video kutoka YUY2 kwenda MJPEG, ambao hubana kila picha kabla ya kuituma. Ubora unapungua kidogo sana, na katika kile kisanduku kidogo cha pembeni hakuna atakayeona. Nasisitiza hilo la kisanduku. Kama uso wako unachukua kona ndogo ya skrini, ya nini kuilazimisha kamera itoe 1080? Yangu iko 720 kwa fremu 30 na sijawahi kupokea lalamiko.

Humo humo kuna chaguo la Buffering. Likiwa limewashwa, OBS huweka akiba ya fremu kabla ya kuzionyesha, na akiba hiyo ni ucheleweshaji. Lizime uone. Na kama una mandhari kadhaa ndani ya OBS (scenes, yaani mipangilio tofauti ya skrini), usiongeze kamera upya katika kila moja. Chagua ile iliyopo tayari, la sivyo mandhari hizo zitaigombania.

Joto nalo lisipuuzwe, hasa kwetu huku kando ya ziwa. Chumba chenye paa la mabati mchana wa Kisumu kinawaka, na laptopu iliyowekwa juu ya godoro haipumui. Ikizidiwa na joto inajipunguzia kasi yenyewe, na hapo gemu, kamera na kila kitu vinapungua pamoja. Iinue juu ya meza, safisha vumbi kwenye feni. Stima ikipotea, laptopu nyingi hushuka kasi pia zikihamia betri, kwa hiyo usifanye majaribio yako wakati huo ukadhani umegundua kasoro.

Kama zile hesabu zako za Stats hazikuwa sufuri upande wa kadi ya grafiki, ujue gemu inaitafuna kadi yote. Weka kikomo cha fremu 60 ndani ya gemu ili OBS nayo ipate pa kufanyia kazi. Ondoa pia kichujio cha kufuta mandhari nyuma yako kama unakitumia. Ni kizito kuliko watu wanavyodhani. Pazia la rangi moja linatosha.

Baada ya yote hayo picha yangu ilikuwa laini, ila mdomo bado ulichelewa kidogo nyuma ya sauti. Hili ni la kawaida, kwa kuwa maikrofoni hufikisha sauti haraka kuliko kamera inavyofikisha picha. Nilianza kurekodi, nikapiga kofi moja mbele ya kamera, kisha nikatazama rekodi fremu kwa fremu. Viganja viligusana fremu tano baada ya mlio. Fremu tano mara milisekunde 33 ni 165. Nikaingia kwenye mipangilio ya juu ya sauti, sehemu ya Sync Offset ya maikrofoni, nikaandika 165 ili sauti icheleweshwe milisekunde hizo. Nilipiga kofi tena, na mlio ukatua pamoja na viganja.

Jumamosi iliyofuata nilirusha mechi tatu. Baada ya bao la pili binamu akatuma ujumbe kutoka Nakuru: "Sasa nakuona."