Maua ya Mjakaranda na Kaburi la Nahodha

Oktoba mwaka juzi, vijana watano wa hapa Moshi tulianza kurekodi kwa simu tamthilia yetu fupi: nahodha wa chombo cha angani anatua Shira, uwanda wa juu kule Kilimanjaro, kisha anashuka mjini kutafuta maji. Kipande anachotoka nyumbani tulikirekodi chini ya mijakaranda iliyochanua, barabara nzima zambarau. Hela zikakata. Tukarudi Desemba kurekodi anavyovuka geti.

Siku ya kuwaonyesha watu wa nyumbani, Mama Mkubwa alitazama kimya. Chombo kimetua, hakuuliza. Nahodha kaongea na kompyuta, hakuuliza. Alipovuka geti tu, akaniita: "Mwanangu, mbona maua yamekwisha? Si ametoka ndani sasa hivi?"

Nilijisikia vibaya wiki nzima, maana tamthilia za zamani za anga nimezitazama tangu utotoni, na makosa ya namna hiyo nayajua. Mtazamaji anakubali kwamba watu wanasafiri kati ya nyota. Hakubali maua yapotee mtu akivuka geti. Kama na wewe unaandika au unarekodi kazi ya mfululizo, chukua haya niliyojifunza.

Anza na kaburi la Nahodha Kirk. Katika Star Trek ya kwanza, tamthilia ya chombo cha angani iliyorushwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969, rafiki wa nahodha anapata nguvu za ajabu, anageuka adui na kumwandalia kaburi. Jiwe limeandikwa James R. Kirk. Nahodha huyohuyo baadaye ni James T. Kirk, na hivyo ndivyo dunia inavyomjua. Sehemu ile ilikuwa ya majaribio, ilirekodiwa 1965 kabla mfululizo wenyewe haujaanza kutengenezwa, na mambo mengi ya mhusika yalikuwa bado hayajakaa sawa. Kwa hiyo usingoje kazi ikue ndipo uanze kuandika kumbukumbu. Nunua daftari siku ya kwanza kabisa. Jina kamili, kovu liko shavu gani, saa amevaa mkono upi, ni asubuhi au jioni, Kibo inaonekana au imefunikwa na wingu. Kila mkimaliza kipande, piga picha ya mwigizaji alivyosimama na mazingira yake, hata kama mna haraka ya kuwahi daladala.

Ila daftari halizibi tundu la kisa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ipo sehemu ya 1966 ambayo mashine ya kuwarusha watu kutoka chomboni hadi ardhini inaharibika. Sulu, mmoja wa watu wa Kirk, na wenzake wamekwama kwenye sayari, usiku unaingia, wanaganda kwa baridi, na huko juu kila mtu anahangaikia mashine. Unajiuliza: si watume chombo kidogo kikawachukue? Hicho chombo wanacho! Tatizo ni kwamba watazamaji walikuja kukiona katika sehemu za baadaye. Sehemu hii ilipotengenezwa, chombo hicho kilikuwa bado hakijaingizwa kwenye hadithi. Ndiyo maana nasema, kila ukimpa mhusika kifaa kipya, rudi nyuma usome ulikopita. Uliza ni shida gani ya zamani kingeitatua. Ukiikuta, weka mapema sentensi moja ya kukizuia: kimeharibika, au upepo ni mkali mno.

Na kosa likishatoka hewani? Wengi hukimbilia kueleza sana. Wale Waklingoni, viumbe wa sayari nyingine katika Star Trek, miaka ya 1960 walikuwa na mapaji laini. Kuanzia filamu ya 1979 wakawa na matuta. Mwaka 1996, katika Deep Space Nine, mfululizo wa baadaye wa Star Trek, wahusika wanarudi zamani, wanawaona wale wa mapaji laini na kumgeukia mwenzao Worf, Mklingoni mwenye matuta. Jibu lake ni kwamba hawalizungumzi hilo na watu wa nje. Basi. Mwaka 2005 mfululizo mwingine ukaja na maelezo marefu ya virusi. Mimi nasimama na jibu la Worf, kwa sababu linamheshimu mtazamaji aliyeona na linampa mhusika siri.

Kwa maua yetu, tungeweza kungoja Oktoba nyingine. Mwenzetu mmoja alitaka tukate kipande kizima. Nikakaa na lile daftari, nikaongeza sentensi moja tu: nahodha akiwa katikati ya geti anatazama juu ya miti, anatazama saa yake, anasema, "Nimetoka ndani mwezi wa kumi."

Mama Mkubwa alipoiona mara ya pili alivuta kiti karibu na skrini. "Sasa hiyo miezi miwili amekuwa wapi?"

Sehemu ya pili tunaiandika sasa.