Chmod haishiki kwenye /mnt/c

Ndugu, hujakosea amri. Umepiga chmod 600 (amri ya kubadilisha ruhusa za faili) kwenye ufunguo wako wa SSH, ule wa kuingilia kompyuta ya mbali, ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), lakini ls -l bado inaonyesha rwxrwxrwx, yaani kila mtu ana ruhusa zote, na ssh inaukataa. Shida ni mahali ulipouweka: /mnt/c ni diski ya Windows, yenye utaratibu wake wa ruhusa. Kwa kawaida WSL haina pa kuiandika hiyo 600, hivyo faili zako huko zinaonekana 777, yaani hiyo hiyo rwxrwxrwx kwa namba. Hata sudo chmod, kwa mamlaka ya msimamizi, haitasaidia.

Hamishia ufunguo upande wa Linux:

mkdir -p ~/.ssh
cp /mnt/c/Users/jinalako/id_ed25519 ~/.ssh/
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519

Hiyo 6 ni 4 ya kusoma na 2 ya kuandika, kwa mwenye faili peke yake. Sufuri mbili zinawafungia wengine wote. Ukishaona ssh imekubali, futa nakala iliyobaki kwenye diski C, maana ndani ya WSL ile bado iko wazi.

Kama ni lazima faili zikae C, fungua /etc/wsl.conf kwa sudo, andika neno automount ndani ya mabano ya mraba, na chini yake:

options = "metadata,umask=22,fmask=11"

Hiyo metadata ndiyo inayoipa WSL pa kuandika ruhusa. Kisha piga wsl --shutdown kwenye PowerShell ya Windows, ufungue WSL upya, urudie chmod. Ila ruhusa hizo zinaheshimiwa ndani ya WSL tu; programu za Windows hazizijali. Kwa ufunguo wa siri, mimi ningeuhamisha tu.