Bango limejaa maneno, nipunguze nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya biolojia. Nimechunguza kama dondoo la majani linazuia bakteria kukua. Mashindano ya mabango ya utafiti yamekaribia. Langu lina maneno kama 1,500 na bado naona sijaeleza yote. Nipunguze nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na utangulizi, tena bila huruma. Jaji amesimama, mabango mengine yanamsubiri. Historia ndefu ya antibayotiki hataisoma. Karatasi ya A0 ina milimita 841 kwa 1,189, lakini maneno 500 yanaitosha. Kichwa kitamke ulichogundua.

Nafasi kubwa ipe picha ya sahani za maabara. Lile duara safi kuzunguka kidonge cha karatasi kilicholoweshwa dondoo, mahali bakteria walishindwa kuota, ndilo utafiti wako wenyewe. Weka kipimo cha milimita pembeni, na kando yake sahani yenye kiyeyushio kitupu, yaani kimiminika ulichoyeyushia dondoo, bila dondoo lenyewe. Ninapokuwa jaji huuliza hilo kwanza: umejuaje kwamba ni dondoo lililozuia, si ethanoli uliyoliyeyushia? Jibu liwe mdomoni. Kwenye grafu, eleza vile vistari vya juu ya nguzo vinawakilisha nini na ulirudia jaribio mara ngapi. Wengi husahau, na huniuma, maana kazi yao ni nzuri.

Maelezo ya mdomo yasizidi dakika mbili. Usisome bango, onyesha picha kwa kidole. Ukiulizwa usilolijua, sema hujalipima, kisha eleza ungelipima vipi.