Govi refu ukubwani: kukata sio lazima, ila usilivute kwa nguvu

Mkuu umeuliza govi lako ni refu, linafunika kichwa chote hata ukisimamisha, linawasha na kutoa harufu, ukate au uache. Mimi nimekaa na hali hiyo mpaka utu uzima huko kwetu Njombe so nakujibu kama niliyepitia.

Urefu wenyewe sio ugonjwa. Je linarudi nyuma? Kama linarudi, ukioga livute taratibu, osha na maji ule utando mweupe utoke, kausha, halafu LIRUDISHE mbele. Hapo kwenye kurudisha wengi wanazembea, likibaki nyuma linaweza kukaba, kichwa kinavimba na lenyewe linagoma kurudi, hiyo ni dharura unakimbia hospitali usiku huohuo. Dettol, ndimu, sabuni za manukato achana nazo, zinachubua tu na muwasho unazidi.

Sasa kama linachanika kila ukikutana na mama watoto, au fangasi zinaisha zinarudi, kapime sukari kwanza. Daktari alianza na hilo nikashangaa, kumbe sukari ikipanda fangasi wanastawi sana chini ya govi na ngozi ikichanika mara kwa mara inaweka kovu inazidi kubana. Yangu ilikuwa sawa, nikapewa krimu ya betamethasone (dawa ya steroidi inayolainisha ngozi) ya kupaka pale panapobana huku nalivuta kidogokidogo bila kulazimisha, kawaida ni wiki 4 mpaka 8. Kuna watu wanaishia hapo na maisha yanaendelea. Mimi kovu lilishakuwa gumu, krimu ikagoma, nikakata.

Tohara yenyewe kinachouma ni sindano ya ganzi, baada ya hapo husikii kitu na nyuzi zinayeyuka zenyewe. Mateso ni alfajiri jamaa akisimama na mshono upo, we kojoa kabla ya kulala na ikitokea amka utembeetembee. Kwetu watu wanasubiri baridi ya Juni mpaka Agosti eti kidonda kinawahi kukauka, mimi nilienda kipindi cha joto na nikapona fresh. Na usidanganywe kwamba ukitahiriwa kondomu basi, ile asilimia 60 inayotajwa ni kupunguza hatari ya mwanaume kupata VVU kwa mwanamke, sio kinga kamili.

Halafu ni wiki 6 bila mechi hata kidonda kionekane kimefunga, kwahiyo mwambie shemeji mapema, wangu alihisi nina mchepuko.