Kabla uongeze kompresa ya pili, toka nje uangalie joto linaenda wapi

Ndugu yangu uliyeuliza kama uongeze kompresa ya pili (ile pampu inayosukuma gesi ya friji) juu bili ya stima ya chumba chako baridi cha samaki hapo Kisumu imepanda na bado samaki hawapoi, tafadhali usitoe hiyo pesa bado. Nimefanya kazi na hizi mashine miaka mingi, nilianzia kwa maziwa Nakuru kabla nije huku ziwani, na ningekuomba utoke nje saa nane mchana usimame nyuma ya kondensa, ile sehemu ya nje yenye feni inayotoa joto, uweke mkono.

Ile hewa moto ni joto la samaki wako pamoja na stima yote kompresa imekula. Ikitumia kilowati 1 kutoa kilowati 3 za joto mle ndani, nje zinatoka 4. Sasa watu wengi wanafungia hiyo kitu kwa kona, ukuta huku mabati huku, feni inavuta tena hewa ile ile imetoka kutema, na zile bati nyembamba za alumini zimejaa vumbi na magamba. Kila digrii 1 gesi ikishindwa kupoa hapo, kompresa inakula kama asilimia 2 hadi 3 zaidi, na Kisumu mchana tayari ni digrii 30 hivi. Ukiweka ya pili kwa kona hiyo hiyo zitachomana tu. Toa mabati, zima mashine, osha na maji ya presha ndogo.

Halafu hilo joto litumie, hapa ndio naumia nikiona watu wanalitupa. Kule kwa maziwa, yanatoka kwa ng'ombe yakiwa kama digrii 35, lazima yashuke hadi 4, na makopo yanataka maji moto kila siku, so mtu anachoma kuni huku mashine inapulizia joto dirishani! Fundi wa friji anayejua kazi anaweza kuweka tangi la maji lenye koili (bomba la gesi lililozungushwa) katikati ya kompresa na kondensa, gesi ikitoka kwa kompresa hupita digrii 70 bila shida, upate maji ya 50 hadi 60. Joto kali ni sehemu ndogo tu ya hilo joto lote, iliyobaki ni vuguvugu, kwa hivyo tangi livishwe vizuri lisipoteze joto na lijae polepole usiku kucha. Wewe utaoshea kreti, lakini suuza ute wa samaki na maji baridi kwanza, maji moto yanaupika unagandia kwa plastiki.

Mlango nao, weka karatasi kwa mpira wake, funga, halafu uvute, ikitoka bila kushika mpira umekwisha. Unyevu wa ziwa unaingia unakuwa barafu kwa koili ya ndani, ile inayopoza chumba, na hita ya kuyeyusha hiyo barafu inakula stima kuweka joto chumbani. Na samaki wapoe kwa barafu kwanza, wasiingie na joto la mashua.

Ukimaliza, soma mita asubuhi na jioni kwa wiki moja uweke namba hapa, pamoja na picha ya huko nyuma, tuone kama kompresa inahitajika.